Mtungi wa Togwa na Matairi ya Baba

Upepo unaotoka ndani ya tairi una harufu yake, na mtu aliyewahi kuinusa kwa karibu haisahau. Ni harufu ya mpira mkuukuu, ya vumbi lililoloana, ya joto lililofungiwa muda mrefu, kama sanduku la nguo ambalo halijafunguliwa tangu msiba wa mwaka juzi. Wengine wakisikia harufu ya vitumbua au ya mvua ya kwanza hukumbuka kwao. Mimi nikipita kwa fundi pancha wakati anafungua valvu, narudi papo hapo Ifakara ya utoto wangu, kwenye uwanja wetu wa mchanga, ambako pikapu ya Baba ilikuwa ikiegeshwa mbele ya dirisha la chumba changu na kuniziba nisipate hewa. Ilikuwa ya bluu, au tuseme iliwahi kuwa ya bluu, maana kila mmiliki aliyepita alikuwa ameipaka bluu aliyoipata yeye, na palipobanduka rangi ungeweza kuwaona wenyewe wote waliomtangulia Baba, mmoja chini ya mwingine. Tuliipenda kama watu wanavyompenda ndugu yao mkorofi. Nataka kusimulia kiangazi kimoja, mwaka nilipopata Kipaimara, ambapo nyumba yetu nzima iligombana, ikacheka na karibu ikate tamaa kwa sababu ya upepo uliokuwa ndani ya matairi yale.

Bonde la Kilombero ni la mpunga, na ukishasema mpunga umesema magunia. Wakati wa mavuno Baba hakuwa na Jumapili. Aliyafuata magunia mashambani, kwenye njia ambazo hata ng'ombe huzipita kwa kufikiri mara mbili, akayaleta kwenye mashine za kukoboa mjini. Wala hayakuwa magunia ya kawaida. Yalikuwa lumbesa, yale yanayojazwa mpaka mdomo unakataa kufungwa, kisha yanashonewa kofia juu. Kwa mzigo wa namna hiyo tairi laini halifiki popote, kwa hiyo mavuno yalipoanza Baba aliyapeleka matairi yake kwenye mashine ya upepo, akayajaza mpaka yakawa magumu kama jiwe la kusagia. Aliyapiga teke, yakalia kama ngoma, naye akatabasamu. Hapo hakukosea. Kosa lilikuja baadaye, na halikuwa lake peke yake, lilikuwa la mtaa mzima na naamini la bonde zima: mavuno yakiisha, magunia yakishashuka, hakuna aliyepunguza upepo. Upepo ulikuwa umelipiwa. Kumwaga kitu ulicholipia, tena kwa mkono wako mwenyewe, huku kinalia fyuuu mbele ya majirani, kulionekana ni kitendo cha mtu aliyerogwa. Wenye magari walikaa nao tu mpaka upungue wenyewe, kama mtu anayeendelea kumeza dawa za ugonjwa aliokwishapona.

Basi gari lililotiwa upepo wa kubeba mlima lilikuwa likitembea tupu kiangazi chote. Barabara ya kutoka Kidatu wakati huo ilikuwa ya vumbi, na jua likishaikausha ilitoa vituta vidogo vidogo vilivyojipanga kutoka upande huu hadi huu, kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Pikapu tupu yenye matairi magumu haikutembea juu ya mbavu zile, ilirukaruka kama mbuzi aliyekanyaga majivu ya moto. Ndani hamkuwa na mazungumzo. Ukifungua kinywa unajing'ata ulimi. Kioo cha pembeni kilianguka njiani na hakikuonekana tena. Jumapili moja kitasa cha mlango wa abiria kilimbakia Mama mkononi, akateremka nacho kanisani akiwa amekishika kama mshumaa. Kuku waliopakiwa Mkula wakiwa na afya zao walifika Ifakara wakaacha kutaga, na mwenye kuku akaja kumsema Baba kana kwamba amewatukana. Kwa kila lawama Baba alikuwa na jibu moja: barabara. Siku lami ikija, alisema, mtaona gari hili lilivyo la kifalme.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Bibi, mama yake Baba, aliyeishi Kiberege. Bibi alikuwa mfinyanzi. Mitungi na vyungu vyake vilijulikana sokoni kwa midomo yake iliyogeuka nje kidogo, kama ya mtu anayetaka kujibu, na wengi walisema ameivika mitungi mdomo wake mwenyewe. Mikono yake ilikuwa na nyufa nyembamba zilizojaa udongo ambao sabuni ilikuwa imeshindwa nao tangu ujana wake. Mimi aliniita mke mwenzangu, kwa kuwa marehemu babu alinichumbia siku niliyozaliwa, na kila nilipokwenda kumwona alilalamika kuwa nimekuja kumnyang'anya mume hata baada ya kufa. Namwambia shikamoo, ananijibu, "Marahaba, mke mwenzangu. Leo umempikia nini mzee wetu?" Nilimpenda Bibi yule kuliko ninavyoweza kueleza hapa. Kwa hiyo katekista alipotutaka kila mmoja ataje msimamizi wake wa Kipaimara, yaani mtu atakayesimama nyuma yake na kumwekea mkono begani wakati Askofu anampaka mafuta, wenzangu walitaja walimu wao na wake wa wenye maduka. Mimi nilimtaja Bibi, bila hata kuuliza nyumbani.

Nyumbani ndiko nilikokumbushwa kwamba Bibi alikuwa amekula kiapo. Mwaka uliotangulia, mavuno yalipokwisha, Baba alimleta mjini kwenye harusi ya shangazi, na sherehe yote Bibi aliisikilizia kupitia ukuta, amelala kifudifudi mkekani huku Mama akimkanda kiuno kwa maji ya moto. Akaapa kwamba hatapanda tena gari la mwanawe. Mabasi nayo yalirusha watu vilevile, tena yalibana magoti. Na bodaboda, alisema, ni mambo ya watu wasio na wajukuu. Katekista aliposikia habari hizo akapendekeza mwenyekiti wa jumuiya yetu awe msimamizi wangu badala yake. Alikuwa mama mchaji Mungu, sina neno baya juu yake, ila mtoto akisinzia kwenye sala alimfinya, na mimi vidole vyake nilivifahamu vizuri sana. Nilipofikiria mkono ule begani mwangu mbele ya Askofu, nililia mpaka Mama akamwambia Baba aende Kiberege akambembeleze mama yake.

Tulikwenda wawili, Baba na mimi. Bibi alitusikiliza akiwa anasugua mtungi mbichi kwa kokoto laini, akisugua na kusugua kama hakuna mtu aliyesema kitu, mpaka Baba alipomaliza sababu zake zote. Ndipo akasema, "Mwanangu, mimi na mtungi tumetoka udongo mmoja. Nitakupa mmoja umejaa togwa. Ukifika kwako mzima, njoo unichukue. Ukivunjika, mke mwenzangu atafute msimamizi mwingine." Baba akacheka, akasema hilo ni jambo dogo, akatoka kwenda kukusanya nyasi za kuuzungushia. Bibi akamzuia. "Nyasi za nini? Mimi nikipanda, utanifunga nyasi?" Kwa hiyo mtungi uliwekwa nyuma ya pikapu juu ya kata ya kitambaa tu, kama unavyowekwa kichwani, umefungwa kamba moja kiunoni. Mimi nilipiga magoti kwenye kiti nikautazama kupitia kioo cha nyuma. Mwanzoni ulitikisa kichwa kama mtu anayekataa. Baadaye ulianza kucheza. Tulikuwa hatujafika hata nusu ya njia, mashamba ya mpunga uliovunwa yametanda pande zote mbili, nikasikia mlio mdogo, wa kawaida kabisa, kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti, na togwa ikaanza kutiririka kwenye bodi na kuchora mstari mweupe nyuma yetu barabarani. Tulipofika nyumbani mbuzi wa mtaa walipanda wenyewe wakalamba kilichobaki. Baba alikusanya vigae akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama akamjibu kwamba koleo halikuvunjika lenyewe, mhunzi ni mbishi.

Baba alikuwa mbishi kweli, lakini alikuwa baba yangu, na machozi yangu yalimkosesha raha. Asubuhi zilizofuata aliacha kupiga teke matairi. Aliyetia mchuzi nazi ni Shija, kijana wa Kisukuma aliyetuletea maziwa kwa baiskeli kutoka ng'ambo ya mashamba, ambako ukoo wao ulihamia na ng'ombe zao kabla mimi sijazaliwa. Alisikia kisa cha mtungi kwa Mama, akacheka, akatubonyezea tairi la baiskeli yake kwa kidole gumba. Lilibonyea kama embe lililoiva. Akamwambia Baba, "Mzee, maziwa haya ningeyaleta kwa tairi gumu, mngekuwa mnapokea siagi. Punguza upepo. Tairi lilale kidogo, njia yenyewe itakubembeleza." Mama alimmiminia uji, naye akasema wabeja, shukrani ya kwao, akaondoka akipiga mluzi. Baba alibaki amesimama akilitazama gari lake. Kisha akaingia kati ya matairi, akapiga magoti mbele ya la kwanza kama mtu anayekwenda kuungama, akabonyeza sindano ya valvu kwa msumari. Upepo wa mavuno ukatoka ukipiga kelele. Majirani walichungulia. Mimi nilisogeza uso karibu, nikaipata harufu ile kwa mara ya kwanza, ya vumbi na ya kale, na nikaona ni harufu ya matumaini.

Ila mtu aliyezoea kuzidisha hata akipunguza huzidisha. Baba hakujua akome wapi, wala hakuwa na kipimo, basi akatoa mpaka kila tairi likatandaza tumbo chini kama shavu la mtoto aliyelalia mkono. Njia ya kwenda Kiberege ilikuwa laini mwanzoni, hilo lazima niliseme. Tulizungumza ndani ya gari, jambo jipya kabisa. Lakini usukani ukawa mzito kama plau kwenye tope, gari likawa linaburuta mwili wake, mshale wa mafuta ukawa unashuka huku tunautazama, na baada ya muda tukasikia harufu nyingine, ya mpira unaochomwa. Baba akasimama, akagusa tairi, akauondoa mkono upesi na kuupuliza. Tulisubiri lipoe kando ya barabara tukila miwa. Tukaondoka tena polepole, na tulipoanza kuziona nyumba za Kiberege tukaingia kwenye shimo lenye ukingo wa jiwe. Tairi lililokuwa limelegea likabanwa kati ya rimu na jiwe, mpira wa ndani ukapasuka, tukalikokota gari mpaka kwa fundi pancha wa sokoni. Bibi aliletewa habari na watoto. Alikuja sokoni kwa miguu, mtungi wa pili kichwani umejaa togwa, akatukuta kwa fundi pancha gari limeinuliwa kwa jeki. Aliutua mtungi kwa uangalifu ili aweze kucheka vizuri. "Limechoka hata kabla sijapanda?" akauliza, na watu wote wa soko wakacheka pamoja naye.

Baba alikasirika. Alimwambia fundi ayajaze yote kama zamani, aachane na elimu ya wauza maziwa, na mimi nikajua kwamba akishayajaza tu Kipaimara changu ni cha mwenyekiti wa jumuiya. Fundi, kijana asiyependa maneno mengi, akauliza ajaze kiasi gani. Baba akamwambia afuate maandishi ya kwenye tairi, kama alivyofanya yeye miaka yote. Nikatumwa kuyasoma, kwa kuwa nilikuwa na macho mazuri na maandishi yalikuwa yamejaa vumbi. Nikainama, nikasoma la kwanza: arobaini na nne. Nikazunguka, nikasoma la pili: sitini na tano. Baba alikuwa akinunua matairi ya mtumba, moja moja, kila moja na kabila lake, na miaka yote hiyo alikuwa akilijaza kila moja namba yake, la kushoto hivi na la kulia vile. Sikuuliza kwa ujanja. Niliuliza kwa sababu nilikuwa naogopa. "Baba, kama kila tairi lina namba yake, gari lenyewe namba yake ni ipi?"

Fundi aliweka pampu chini. Bibi ndiye aliyesema, huku akijifuta machozi ya kicheko kwa upindo wa khanga, kwamba hata mtungi wake una mdomo, lakini mtu akiujaza togwa mpaka mdomoni hataki kunywa, anataka kumwaga. Baba alimtazama mama yake, akatazama tairi, na nikaona kitu kinamwingia. Ile namba ya kwenye tairi ilikuwa ukomo wake, kiasi ambacho likizidishiwa litaleta balaa. Haikuwa amri ya kulifikisha huko kila siku. Ghafla akakumbuka kwamba kwenye fremu ya mlango wa dereva kulikuwa na kibandiko ambacho kingo zake alikuwa akiziona tangu anunue gari, kimezikwa chini ya rangi za wenyewe wa zamani. Akaazima kisu, akabandua bluu ya kwanza, akabandua bluu ya pili. Kibandiko kilikuwa kimeliwa pembeni lakini katikati kilisomeka: matairi ya mbele na ya nyuma, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Likiwa tupu lilitaka ishirini na tisa. Baba aliisoma namba ile kwa sauti, akaisoma tena taratibu, kisha akakaa kwenye benchi la fundi akaomba togwa.

Bibi alimpa kikombe, akaondoka na mtungi wake. Alisema hawezi kuukabidhi kwa gari la kujaribia. Basi tukaenda kujaribu wenyewe. Baba aliazima geji kwa dereva mwenzake wa mashine ya kukoboa, kifaa kidogo kama kalamu kinachotoa ulimi wenye namba ukikibana kwenye valvu. Siku ya kwanza alipima mchana, gari limetoka njiani na matairi yamepata moto, akaridhika. Kulipokucha akapima tena akakuta namba zimeshuka, akamshuku kila mtoto wa mtaa. Mama ndiye aliyemuuliza kama hata yeye hapandishi kifua akiwa amekasirika na kukishusha akishalala. Kuanzia hapo tukawa tunapima asubuhi, kabla gari halijatembea, umande bado uko kwenye bodi, Baba akiniangazia na mimi nikisoma namba, maana macho yake hayakuwa ya kutegemea. Tuliweka sufuria la maji nyuma, Mama akakaa kando yake kwenye kigoda kama malkia, tukatoka kidogo barabarani na kurudi. Tukiongeza upepo, sufuria linacheza na Mama anatukana kwa Kipogoro. Tukipunguza, usukani unalalamika. Tulipoweka kama kibandiko kilivyotaka, mbavu za barabara zilikuwepo bado, sisemi uongo, lakini zilipita chini yetu badala ya kupita ndani yetu. Mama alirudi na nguo kavu. Alishuka akaenda kubandika chai bila tusi hata moja, na kwa Mama hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Tukaenda Kiberege kuuchukua mtungi. Ulifika. Naandika hivi kwa kifupi kwa sababu ndivyo ulivyofika, bila kisa, umetikisika kidogo na kulowesha kata yake, na Baba akauingiza ndani ameukumbatia kama mtoto mchanga. Tukanywa togwa ile wote, hata Shija, ambaye Baba alimweleza kwa urefu kwamba baiskeli ni baiskeli na gari ni gari. Kesho yake tukarudi Kiberege kumchukua Bibi, na Kipaimara kilikuwa Jumapili ya wiki hiyo hiyo.

Nilidhani shida zimekwisha. Bibi alikuwa tayari, amefunga kilemba kipya, lakini hakuwa peke yake. Pembeni yake kulikuwa na gunia la mchele, mkungu wa ndizi, vyungu vya kuwagawia wote aliowakosa kwenye harusi, jogoo, kuni, na shangazi wawili waliosema wanasindikiza tu. Baba alisimama akiwa ameshika kiuno. Gari halikuwa tupu tena, wala halikuwa na lumbesa. Kibandiko hakikuwa na namba ya mama mzazi na jogoo. Wiki chache zilizopita angejaza mpaka lilie ngoma, au angeliacha lilivyo kwa hasira. Safari hii alipakia kila kitu kwanza, akarudi nyuma, akainama kutazama matumbo ya matairi ya nyuma, akatoa pampu ya mkono, akapiga magoti mbele ya mama yake na kuanza kupampu kidogo kidogo, akipima, akipampu tena. Jasho lilimtoka. Bibi alimtazama mwanawe akihangaika vumbini kwa ajili ya kiuno chake. Mwishowe akamgusa bega. "Inatosha, baba," akamwambia, akimwita jina la heshima ambalo hakuwa akimpa siku zote. "Panda twende. Mtoto anangojewa na Askofu."

Mwanzo wa safari Bibi alishika dashibodi kwa mikono miwili na kufumba macho, midomo ikisali. Mimi nilikuwa katikati, nimebanwa na jogoo. Baba aliendesha kama anabeba mayai. Tulivuka shimo, Bibi akafumbua jicho moja. Tukavuka jingine, akaachia mkono mmoja. Baada ya hapo akaanza kuuliza mashamba ya nani haya, na ya nani yale, na kwa nini fulani amejenga nyumba imeipa barabara mgongo. Kisha baiskeli yenye madumu ya maziwa ikatupita, kengele ikilia, na nikamtambua Shija akitupungia. Bibi akageuka taratibu kumtazama Baba. "Mwanangu," akasema, "kwa mwendo huu mke mwenzangu atapata Kipaimara au ndoa?" Baba akacheka mpaka gari likayumba, akakanyaga mafuta. Jumapili ile, Askofu aliponisogelea na kidole chenye mafuta, nilisikia mkono begani kwangu. Ulikuwa mzito, wa joto, na nyufa zake zilikwaruza kitambaa cha gauni langu jeupe. Sikumbuki Askofu alisema nini. Nakumbuka nilitaka asimalize.

Siku hizi kuna lami. Naishi Ifakara bado, nina kagari kangu kadogo, na Kiberege nafika kabla redio haijamaliza taarifa ya habari. Watu hupenda kusema zamani kulikuwa kuzuri. Mimi nikisikia hivyo namkumbuka Bibi amelala kifudifudi siku ya harusi, na nasema lami ni bora, na atakayeitukana anitafute. Kwenye kituo cha mafuta kuna mashine ya upepo inayojisomea namba yenyewe kwa taa nyekundu, na kijana wake huuliza, "Nijaze ngapi, dada?" Wengi humjibu ajaze tu. Wenye pikapu za mpunga bado hawapunguzi upepo mavuno yakiisha, bado wanauona umelipiwa, na gari likirukaruka sasa hawana barabara ya kulaumu. Mimi hufungua mlango nikasoma kibandiko, asubuhi, kabla sijatoka, na ninapobeba watu na mizigo naongeza kidogo. Baba aliliuza gari lake alipostaafu na sasa amekuwa mhubiri wa jambo hili. Ukipita kwetu na gari, shikamoo yako ataiitikia akiwa tayari amekwisha kuinama kwenye tairi.

Bibi alikuja mjini mara nyingi baada ya Kipaimara changu, mara nyingi mno kwa maoni ya Mama. Alifariki akiwa mtu mzima sana, na miaka michache baadaye lami ikafika Kiberege, ikapita mbele ya nyumba yake. Najua amepumzika vizuri kuliko sisi, lakini kila nikipita pale roho yangu inaniuma kwamba hakuionja hata mara moja. Ningemkalisha mbele, matairi nimeyapima mwenyewe, ningeendesha polepole mpaka Ifakara bila mtungi kutikisika wala togwa kumwagika. Kisha ningezima gari nimsubiri aniambie kasoro iko wapi, maana najua angeipata.